Kochi la ng'ambo katika nyumba ya ufuoni: bei yake inatoka wapi, na fedha zako ziende wapi?

Anayesafiri kwa barabara kuu namba 3 kutoka Bujumbura kwenda Rumonge, ziwa likiwa mkono wake wa kulia na milima mkono wa kushoto, hakosi kukutana na lori lililobeba makochi. Yamezungushiwa nailoni, yamelazwa juu ya magunia na mapipa matupu ya mawese, na miguu yake ya rangi ya dhahabu inaelekea juu. Wakazi wa Magara, upande wa Bugarama, na wale wa Minago wameizoea picha hiyo. (Bugarama tunayoitaja hapa ni hii ya mwambao, wala si ile ya Muramvya ambako barabara ya Gitega huachana na ile ya kaskazini.)

Mara nyingi mzigo huo unakwenda kwa maarusi. Kijana aliyeposa huulizwa habari za nyumba, na nyumba siku hizi hupimwa kwa sebule: kochi la watu watatu, mawili ya mtu mmoja mmoja, meza ya kioo katikati, kabati la televisheni. Asiyekuwa na fedha taslimu hukopa, akitarajia kulipa mawese yakivunwa au ziwa likitoa ndagala za kutosha. Wageni huondoka baada ya harusi, deni hubaki, na nailoni ile hubaki juu ya kochi kwa miaka, kwa kuwa kitu kilichonunuliwa kwa uchungu hakikaliwi kwa raha.

Wasikilizaji wetu kadhaa wanataka kujua kama makochi hayo yana thamani ya bei yake. Jibu fupi ni kwamba sehemu kubwa ya bei hiyo haimo ndani ya kochi. Jibu refu linahitaji hesabu kidogo.

Safari ya bei

Tuchukue mfano wa hesabu tu, usio wa duka lolote. Seti ya makochi imenunuliwa kiwandani Asia kwa dola 300. Kusafirishwa na kukatiwa bima hadi bandarini kumegharimu dola 100. Forodha haitozi ushuru juu ya zile 300 peke yake. Inahesabu pamoja na usafiri na bima, yaani dola 400. Tangu tarehe 1 Julai 2022, nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki ziliweka samani katika kundi la juu la ushuru wa pamoja wa forodha, pamoja na bidhaa kama nguo, vigae na rangi: asilimia 35. Ushuru huo peke yake ni dola 140, na gharama imefika 540. Hapo huongezwa kodi ya ongezeko la thamani, ambayo Burundi ni asilimia 18: dola 97 na senti kadhaa. Kabla lori halijawashwa, seti ya dola 300 imekwisha kuwa ya dola 637.

Bado haijafika. Mizigo yetu mingi hushushwa Dar es Salaam, ikapita kwa barabara hadi mpaka wa Kobero au kwa reli hadi Kigoma na kuvushwa ziwa. Kisha kuna barabara hii ya mwambao, ambayo maporomoko ya ardhi na mawimbi ya ziwa yameikata mara kwa mara. Mafuta ya gari nayo yamekuwa adimu nchini kwa miaka kadhaa, na lori linalolala njiani likisubiri mafuta hulipiwa usiku huo na mnunuzi. Juu ya hayo yote kuna suala la fedha za kigeni. Benki kuu iliishusha thamani ya faranga mwezi Mei 2023, na mfanyabiashara asiyepata dola kwa bei rasmi huzitafuta kwa bei ya mtaani, akaiandika tofauti hiyo kwenye kochi.

Kwa hiyo si haki kumwita kila muuza samani mnyang'anyi. Kochi hukaa dukani miezi, hupata vumbi, huvunjika mguu, na fedha yake imelala ndani. Lakini mnunuzi naye ana haki ya kujua kwamba, katika mfano wetu, zaidi ya nusu ya alichotoa haikununua mbao wala sponji wala kitambaa. Imenunua bahari, barabara na kodi.

Ushuru huo uliwekwa kwa makusudi, ili viwanda na mafundi wa ndani ya jumuiya wapate nafasi. Samani iliyotengenezwa katika nchi mwanachama na kuthibitishwa asili yake hupita mpakani bila ushuru wa forodha. Meza ya mninga iliyochongwa Kigoma haibebi ile asilimia 35. Meza ya vumbi la mbao kutoka mbali inaibeba. La kustaajabisha ni kwamba madukani ya pili ndiyo inayoitwa ya kisasa.

Jina lina bei gani?

Kuna aina nyingine ya ughali, nayo ni ya jina la mbunifu. Huko Ulaya na Marekani, kiti cha kuegemea kilichobuniwa na Charles na Ray Eames mwaka 1956 bado kinauzwa kwa maelfu ya dola. Mwaka 2015, mjini London, kiti kirefu cha alumini cha mbunifu Marc Newson kilinadiwa kwa zaidi ya pauni milioni 2.4. Mwaka 2009, mjini Paris, kiti cha mkono kilichobuniwa na Eileen Gray kilipata karibu euro milioni 22. Hivyo si viti tena kwa maana ya kawaida. Ni hazina, kama picha za wachoraji maarufu, na bei yake inapangwa na matajiri wanaoshindana mnadani.

Lakini historia ya ubunifu wa samani haikuanzia kwenye ughali, na hili halisemwi vya kutosha. Mwaka 1859 fundi Michael Thonet, aliyefanya kazi Vienna, alitoa kiti kilichopewa namba 14. Kilikuwa na vipande sita vya mti uliopindwa kwa mvuke, skrubu kumi na nati mbili. Viti 36 vikiwa vimefunguliwa viliingia katika sanduku la mita moja ya ujazo, vikasafirishwa mbali na kufungwa huko huko. Kilikuwa kiti cha mikahawa, cha watu wa kawaida, na mamilioni yake yaliuzwa kwa sababu kilikuwa rahisi. Hata kiti cha plastiki tunachokikalia msibani na harusini kina ukoo wake: Mfaransa Henry Massonnet alitoa chake mwaka 1972, na uigaji wake ukaenea duniani kote. Hakuna anayekitia sebuleni kwa fahari, lakini kinafanya kazi mvuani na juani, watu wazima wakibadilishana juu yake kutwa nzima.

Tunachouziwa huku kwa jina la kochi la Kiitaliano au la Kituruki aghalabu hakina uhusiano na mbunifu yeyote. Ni umbo lililonakiliwa kutoka picha, likavalishwa kitambaa cha kung'aa. Mnunuzi analipia jina, na jina lenyewe si la mtu. Kwa maoni ya mwandishi, hapa ndipo penye hasara kubwa kuliko zote, maana fedha ya ushuru angalau hujenga kitu mahali fulani.

Ziwa nalo lina kauli yake

Nyumba ya mwambao si nyumba ya Gitega. Hewa ya ziwa ni ya joto na yenye unyevu, na msimu wa mvua ukuta wa chini hutoa jasho. Samani nyingi za bei ya kati zinazotoka mbali zimetengenezwa kwa vumbi la mbao lililogandishwa kwa gundi na kubandikwa karatasi yenye sura ya mti. Mafundi huiita MDF, au huita ubao wa vumbi. Ikiwa kavu inapendeza. Ikinywa maji inavimba, karatasi inabanduka, skrubu zinalegea, wala hairudi tena ilivyokuwa. Mwandishi wa makala haya alinunua kabati la televisheni la namna hiyo na kuliweka juu ya sakafu ya saruji. Baada ya masika moja miguu yake ilikuwa imefumuka kama mkate uliodondoka katika chai, na fundi aliyeitwa kulitengeneza aliligonga kwa kidole, akacheka, akaondoka bila kudai ujira.

Kisha kuna jambo zito zaidi. Ziwa Tanganyika hutoa maji yake kwa mto mmoja tu, Lukuga, upande wa Kongo, na mvua zikizidi miaka mfululizo ziwa hupanda. Katika miaka ya karibuni maji yaliingia katika makazi ya Gatumba, baadhi ya mitaa ya Bujumbura na mitaa ya Rumonge iliyo karibu na ufuo. Mwezi Aprili 2024 serikali ya Burundi na Umoja wa Mataifa waliomba msaada wa kimataifa kwa ajili ya waliohamishwa na mafuriko. Familia inayohama usiku hubeba watoto, magodoro na sufuria. Kochi la watu watatu lililogandishwa vipande vyake kwa gundi, lisilopita mlangoni bila kung'olewa mlango wenyewe, hubaki majini.

Kwa anayeishi karibu na ufuo, swali la kwanza dukani lisiwe rangi. Je, watu wawili wanaweza kukiinua? Kinafunguka kwa skrubu? Mito yake inatoka, ikaanikwa? Miguu yake ni mirefu kiasi cha kuinua fremu sentimita kumi na tano au zaidi kutoka sakafuni, ili ufagio upite chini na unyevu usipande? Benchi la mti lenye mito ya kuondoa hujibu ndiyo kwa maswali yote manne. Makochi mengi ya nailoni hujibu hapana.

Kuzungumza na fundi

Rumonge haina uhaba wa maseremala, na hata vijiji vya Bugarama vina mafundi wanaojua kazi. Malalamiko dhidi yao nayo yanajulikana: ahadi ya wiki moja inakuwa miezi mitatu, meza inapinda, droo haifungi. Mengi ya matatizo hayo yana chanzo kimoja, nacho ni mbao mbichi. Mti uliokatwa juzi una maji ndani yake. Ukichongwa leo utakauka ukiwa tayari ni meza, na katika kukauka utasinyaa, utajikunja na kupasuka. Fundi hufanya hivyo kwa sababu hana mtaji wa kununua mbao na kuzihifadhi. Mteja mwenye subira anaweza kumsaidia na kujisaidia: anunue mbao mapema, zipangwe kivulini kwa tabaka, vijiti vikitenganisha tabaka na tabaka ili hewa ipite, zikae miezi kadhaa. Aliyeposa mwezi wa pili na harusi ni ya mwezi wa tisa anao muda huo.

Kuhusu aina ya mti, mvule na mninga ni bora. Mvule hasa huvumilia mchwa. Ni ghali, na mingi hutoka nje ya mipaka yetu, lakini meza ya mvule hurithiwa. Grevilea inayopandwa mashambani ni laini kuchonga na ina mistari mizuri inayong'aa ikisuguliwa. Inafaa kabati na fremu za ndani. Mkaratusi ni mgumu na unapatikana kwa urahisi, lakini hujikunja sana ukikaushwa haraka, kwa hiyo uwe mkavu kweli kweli. Msonobari ni mwepesi na wa bei nafuu, wala usiwekwe mahali penye mchwa bila dawa. Ukiona vumbi laini kama unga chini ya mguu wa kiti cha mtumba, hao ni bungua; usikiingize nyumbani.

Kisha tazama viungo. Geuza kiti juu chini, fundi asikasirike. Katika kazi nzuri, ubao mmoja umechongwa ulimi ukaingia katika tundu la ubao wa pili, pakatiwa gundi na kigingi. Katika kazi ya haraka kuna misumari tu. Msumari hushika leo, na kila mtu anapoegemea hupanua tundu lake. Keti, kisha ujitikise kushoto na kulia. Kiti kizuri hakisemi kitu.

Sponji ndiyo inayodanganya watu zaidi, kwa sababu imefichwa. Zote ni laini dukani. Tofauti iko katika uzito: sponji ya kukalia inayodumu huwa na kilo 30 hivi au zaidi kwa kila mita ya ujazo, na nyepesi mno hubonyea katika mwaka mmoja mpaka ukahisi mbao. Ukimpa fundi kazi, nunua sponji mwenyewe, na mwambie ashone vifuniko vyenye zipu ili vifuliwe.

Vipimo pia vina maana. Kiti kinachomfaa mtu mzima kina urefu wa sentimita 40 hadi 45 kutoka sakafuni. Makochi ya mtindo mpya ni mafupi zaidi, na bibi aliyekaa humo huhitaji wajukuu wawili kumwinua. Meza ya kulia iwe na sentimita 75 hivi, ili mapaja yapate nafasi. Kabla ya kuagiza chochote, chukua chaki uchore umbo la kochi sakafuni kwa kipimo kamili, halafu utembee chumbani ukiwa umebeba sinia. Ukilikanyaga umbo lile mara mbili, kochi hilo ni kubwa mno kwa chumba chako. Jaribio hili halina gharama yoyote, na limewanusuru wengi.

Mwisho wa mazungumzo na fundi ni karatasi. Andikeni aina ya mti, vipimo, siku ya kukamilisha na malipo kwa awamu: sehemu ya vifaa mwanzoni, sehemu fremu ikiwa tupu kabla haijavalishwa kitambaa, iliyobaki siku ya kupokea. Kuiona fremu tupu ni muhimu kuliko yote, kwani kitambaa kikishashonwa hakuna awezaye kuona kilicho ndani.

Kupamba bila kununua sana

Waswahili wa pwani waliijua sanaa ya kupamba chumba chenye vitu vichache. Katika nyumba za mawe za Lamu kuta za ndani zilichongwa vidaka, au zidaka kama wenyewe wanavyosema, safu za vishubaka vya plasta nyeupe vilivyowekwa vyombo vya kaure. Pambo lilikuwa ukuta wenyewe. Tusiwapambe wazee wale kupita kiasi, hata hivyo: kiti cha enzi cha pwani, chenye mgongo wa kusukwa na nakshi za pembe, kilikuwa cha kuonyesha daraja ya mwenye nyumba sawasawa na kochi la dhahabu la leo. Tofauti ni kwamba kilitengenezwa na fundi wa karibu, na kikivunjika alikuwapo wa kukitengeneza.

Huku kwetu, ambako lugha yetu ilifika na misafara ya Ujiji, anayejenga kwa matofali anaweza kumwomba mwashi aache vishubaka viwili vitatu ukutani wakati wa kujenga. Gharama yake ni ndogo, na kabati la vitabu au la vyombo halitahitajika tena. Chokaa nyeupe huongeza mwanga, huruhusu ukuta kupumua na hupakwa upya kila mwaka bila fundi. Rangi ya mafuta inayong'aa huzuia unyevu ndani ya ukuta, ndiyo maana hutoka malengelenge karibu na sakafu. Pazia liwe jepesi ili upepo wa ziwa upite. Mapazia mazito ya tabaka mbili yamebuniwa kwa nchi za baridi.

Sakafuni, mkeka wa mafunjo, ambao jirani zetu kwa Kirundi huuita ikirago, hufaa kuliko zulia nene linalofyonza maji na kunuka. Nyungu na mitungi ya wafinyanzi wa Kitwa, vikapu vya kusuka vyenye vifuniko na viti vya henzirani vina sura ambayo kiwanda cha mbali hakiwezi kuinakili vizuri. Anayetaka kuona jinsi vyombo hivyo vilivyokuwa vikipangwa zamani anaweza kutembelea jumba la makumbusho la taifa la Gitega, lililoanzishwa mwaka 1955. Ukinunua chungu kwa mfinyanzi, mlipe bei anayoitaja. Si vizuri mtu alipe ughali wa lori bila kunung'unika, kisha apunguziwe faranga chache na mama aliyebeba udongo kichwani.

Na kama kochi la ng'ambo limekwisha kununuliwa na liko sebuleni? Liondolee nailoni leo hii. Nailoni hukusanya jasho na unyevu, na chini yake kitambaa huota ukungu pole pole. Lisogeze kiganja kimoja kutoka ukutani ili hewa ipite nyuma. Kama miguu yake ni mifupi, iweke juu ya vipande vya mti mgumu au matofali yaliyopakwa chokaa. Kisha mwite fundi alitazame kwa chini, alegeze na kukaza kila skrubu, na akuonyeshe ni kipi kinachofunguka, ili siku maji yakikaribia mjue pa kuanzia.